Tuma Pesa Nyumbani: Nusu ya Hadithi Ambayo Tangazo Halikutuambia

Wiki hii nawaletea historia kidogo, na msikimbie, kwa sababu ni historia ya kitu kilicho mfukoni mwako sasa hivi. Kila nikichambua matangazo ya mikopo ya simu ama ya kamari, kuna mtu huniuliza: haya mambo yalianzia wapi? Nani aliwafundisha hawa watu kutugusa moyo kabla ya kutugusa mfuko? Jibu langu ni kwamba matangazo hayo yote yana babu yao. Babu huyo alionekana kwenye runinga za Kenya mwaka 2007, na maneno yake ya Kiingereza yalikuwa matatu tu: “Send Money Home”. Tuma pesa nyumbani.

Hayo ndiyo maneno yaliyozindua M-Pesa mwezi wa Machi 2007. Matangazo yake ya mwanzo yalimwonyesha kijana wa mjini, msafi, mtu wa kazi ya ofisini, akiwatumia watu wake wa kijijini pesa kwa simu. Basi. Mjini kuna mtoto, ushago kuna watu wake, katikati kuna simu.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea mpaka mwisho. Lile tangazo lilikuwa zuri, na halikudanganya mtu. Lakini lilisimulia nusu ya hadithi. Nusu iliyoachwa ndiyo inayotuumiza mpaka leo, sisi wa Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia, ambako ni vigumu kupata boma lisilo na mtu wake Nairobi.

Mwanzo ulikuwa deni

Watu wengi hawajui kwamba kabla M-Pesa haijawa habari ya nyumbani, ilikuwa habari ya mikopo. Wazo lilitoka kwa kampuni ya Vodafone ya Uingereza, wakiwemo Nick Hughes na Susie Lonie, kwa msaada wa fedha kutoka idara ya maendeleo ya serikali ya huko. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika, kwa watu mia chache ambao walikuwa wateja wa Faulu Kenya. Mpango ulikuwa mtu aliyekopa apokee mkopo wake kwa simu, na arudishe kidogo kidogo kwa simu hiyo hiyo, bila kufunga safari.

Wateja walipopewa ule mtambo wakaanza kuutumia vile wao walitaka. Wengine wakamtumia jamaa pesa. Wengine wakamlipia mwenzao mkopo wake, kisha wakadaiana pembeni. Wengine wakaweka pesa kwenye simu kabla ya safari, wakazitoa walipofika, ili wasitembee na noti mfukoni. Waliosimamia majaribio wakatazama, wakapunguza mengi waliyokuwa wamepanga, na wakati wa kuzindua wakaweka mbele jambo moja: kumtumia mtu pesa.

Sasa linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: “Lipa mkopo wako kwa simu.” Ya pili: “Tuma pesa nyumbani.” Mtambo ni ule ule, vitufe ni vile vile. Lakini ile ya kwanza inakukumbusha mtu anayekudai, na ya pili inakukumbusha mtu anayekupenda. Hakuna binadamu anayekimbilia dukani kujisajili kwa sababu amekumbushwa deni.

Ujanja huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1979 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilikuwa inataka watu wapige simu nyingi zaidi za masafa marefu. Wangeweza kusema bei zao na ubora wa laini zao. Badala yake walitoa matangazo ya runinga yenye wito “Reach out and touch someone”, yaani nyosha mkono umguse mtu wako. Wakaonyesha jamaa walio mbali wakicheka kwenye simu. Waliotengeneza matangazo yale ni N. W. Ayer, shirika lile lile lililoandika mwaka 1947 kwamba almasi ni ya milele. Watu hawa walikuwa wameelewa kwamba mteja hununua hisia kwanza, halafu anatafuta sababu za kueleza kwa nini amenunua.

Nyumba ni moja, nyumbani ni kwingine

Lakini AT&T walilazimika kuijenga ile hisia. Walioandika tangazo letu walikuta hisia imeshajengwa miaka mia nzima, ikawa kazi yao ni kuiokota tu. Ukitaka kuelewa nguvu ya lile tangazo, lichunguze neno “nyumbani” kwa masikio ya Mkenya.

Mtu wa Kangemi ama Kawangware ukimwuliza anaishi wapi, atakutajia ploti. Ukimwuliza nyumbani ni wapi, atakuambia Shinyalu, Khwisero, Malava, Butere. Amelipa kodi ya nyumba Nairobi miaka ishirini lakini nyumbani hajafika mpaka Desemba. Sisi tunasema tunaenda “ingo”, na hakuna mtu aliyewahi kumaanisha Umoja ama Kayole kwa neno hilo. Nyumba ni pale unapolala. Nyumbani ni pale utakapozikwa.

Hili si jambo la mafumbo, limefika mpaka mahakamani. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui Otieno alitaka amzike karibu na Nairobi, kwa sababu huko ndiko walikojenga maisha yao. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo anaweza kuwa na nyumba popote lakini nyumbani ni kwa baba zake. Kesi ikavuta miezi mitano, nchi nzima ikifuatilia kwenye magazeti, na Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi. Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Watu walibishana sana juu ya hukumu ile na bado wanabishana, lakini kila mtu alielewa maana ya neno lililokuwa likibishaniwa.

Sasa jiulize kwa nini vijana wetu wako Nairobi kwanza. Serikali ya kikoloni ilileta kodi ya nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kila kibanda kilidaiwa, na kodi ilikuja kutakiwa kwa pesa taslimu, sio kwa mtama wala mbuzi. Pesa zilikuwa kwa mzungu. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Basi wanaume wakatoka: wengine kwenye reli, wengine mashamba ya chai Kericho, wengine Nairobi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kipande kikaning’inizwa shingoni ili ijulikane nani anafanya kazi wapi na kwa nani. Mwanamume aliondoka nyumbani ili nyumbani kwake kusichukuliwe hatua kwa sababu ya kodi. Wajibu wa kutuma pesa haukuzaliwa na upendo peke yake. Ulizaliwa pia na amri.

Miaka ikapita, uhuru ukaja, kodi ya nyumba ikaisha, lakini ile njia ya kutoka kijijini kwenda mjini ikabaki na watu wakazidi kuipita. Na pesa zikaendelea kutafuta njia ya kurudi. Kulikuwa na hawala ya posta. Kulikuwa na jirani anayeenda nyumbani kwa matanga, unampa bahasha na kumwomba Mungu. Kulikuwa na dereva ama kondakta wa basi la usiku pale Machakos Country Bus, unamwachia bahasha iliyogundishwa vizuri, unamwambia mama atakungojea steji. Kila njia ilikuwa na hofu yake. Pesa zingeweza kuchelewa, kupungua, ama kupotea kabisa, na ukakosa hata wa kumlaumu kwa sababu hukuwa na risiti.

Vile tangazo lilivyofanya kazi

Hapo ndipo M-Pesa ilipoingia, na sasa tunaweza kulichambua tangazo lenyewe vizuri. Naona lilifanya mambo matatu.

La kwanza, liligusa jeraha lililokuwepo. Mwafrika anayefanya kazi mjini ana mzigo moyoni: nimekaa muda gani bila kutuma kitu? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kila mtu wa Nairobi anajua ladha ya methali hiyo siku anaposhuka Kakamega na mkoba mwepesi. Tangazo halikukutukana wala kukuambia wewe ni mtoto mbaya. Lilikuonyesha mtoto mzuri, likanyamaza. Hesabu ya nani ni nani ukaifanya mwenyewe, umekaa kwenye kiti chako.

La pili, lilikupa mtu wa kutaka kuwa. Kumbuka mwaka 2006 utafiti ulionyesha kwamba chini ya mtu mzima mmoja kati ya watano nchini alikuwa anatumia benki. Huduma hii ilikuwa ya kuwafaa hasa wale wanne waliobaki: bawabu, mfanyakazi wa nyumbani, mjenzi, mama mboga. Lakini yule wa kwanza kwenye tangazo alikuwa kijana wa ofisini. Kwa nini? Kwa sababu ukionyesha maskini akitumia kitu, hata maskini mwenzake hatakitaka. Bawabu hakuona bawabu kwenye runinga. Alimwona mtu ambaye mama yake, huko Lurambi, huwaambia majirani kwamba mtoto wake ndiye. Kwa shilingi 30 za kutuma, alinunua pia nafasi ya kuwa mtu huyo kwa dakika moja. Baadaye, huduma ilipokuwa imeshazoeleka, ndipo mabango yakaanza kuonyesha watu wa kazi za kawaida.

La tatu, lilijua nani anatazama wapi. Runinga ya mwaka 2007 ilikuwa zaidi kitu cha mjini. Kijijini ni redio iliyotawala, na mwenye runinga nyingi ya hizo aliiwasha kwa betri ya gari. Kwa hivyo tangazo la runinga lilikuwa linaongea na anayetuma. Anayepokea aliongeleshwa kwa njia nyingine: ukuta wa duka sokoni uliopakwa rangi ya kijani. Khayega, Lubao, Mumias, kila soko likawa na ukuta wake. Kwa hivyo mama hakuhitaji tangazo la runinga. Mtoto alishaonyeshwa wajibu wake huko Nairobi, na mama akaonyeshwa mlango wa kwenda kuuchukua.

Matokeo unayajua. Ndani ya mwaka mmoja karibu watu milioni mbili walikuwa wamejisajili.

Mtihani wa Januari 2008

Tangazo zuri huhitaji ushahidi, na ushahidi ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitamani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Barabara zilifungwa, mabasi yakasimama, mabenki yakafungwa, na watu wakajifungia ndani ya nyumba zao bila chakula wala salio la simu. Ile bahasha ya kondakta haikuwa na kondakta wa kuibeba. Pesa za simu na salio la kutumiana ndivyo vilivyoweza kupenya.

Tunajua haya kwa undani kwa sababu wakati huo kulikuwa na mtafiti, Olga Morawczynski, aliyekuwa akifuatilia watumiaji wa M-Pesa sehemu mbili. Moja ni Kibera. Nyingine, na hapa wana Kakamega inueni vichwa, ni Bukura. Ndiyo, Bukura yetu, pale penye chuo cha kilimo. Alichagua Kibera na Bukura kwa sababu pesa zilikuwa zinatoka kule na kuja huku. Kwa maneno mengine, alienda kuishi ndani ya lile tangazo, upande wa mtoto na upande wa mama.

Aliyoyakuta huko yana sura mbili. Upande mmoja, pesa zilikuja mara nyingi zaidi, hata kama ni kidogo kidogo, na kipato cha waliopokea kijijini kiliongezeka. Wanawake waliweza kuomba pesa moja kwa moja bila kungoja mtu aje. Upande wa pili, wanaume walianza kuja nyumbani mara chache. Zamani ulikuja kwa sababu ilibidi ulete pesa mwenyewe. Sasa pesa zilikuja bila wewe. Wake waliobaki Bukura waliingiwa na wasiwasi: huyu asiyekuja tena, huko mjini yuko na nani?

Soma hiyo tena polepole. Tangazo liliahidi kumfikisha mtoto nyumbani kwa kubonyeza simu. Na kweli likamfikisha, likafikisha pesa zake, na mwenyewe akabaki huko. Neno “nyumbani” lilitumika kuuza kitu ambacho kilifanya iwezekane kukaa mbali na nyumbani.

Sisemi M-Pesa ni mbaya. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha utafiti mwaka 2016 uliokadiria kwamba huduma hii ilitoa familia 194,000 za Kenya kwenye umaskini, na wanawake ndio waliofaidika zaidi. Hiyo si hadithi ya kubeza. Mtu akiugua usiku Ikolomani leo, pesa za matibabu zinafika kabla ya jogoo kuwika. Nani anataka kurudi kwa bahasha ya kondakta? Mimi ninachokagua ni picha, ile picha iliyopigwa kwenye akili zetu kuanzia 2007.

Mshale wa upande mmoja

Na picha yenyewe ina kasoro hii: mshale wake unaelekea upande mmoja. Mjini kunatoa, nyumbani kunapokea. Mtoto ana uwezo, mama anangoja.

Historia inasema kinyume. Katika enzi za ukoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulipangwa kwa kumhesabu kama mtu asiye na familia. Ulitosha kumlisha yeye na kumpatia pa kulaza kichwa, basi. Mke na watoto wangekula nini? Wangekula kutoka shambani, kwa jembe la mke. Kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, ile ya Carpenter ya mwaka 1954, ilikubali kwamba mshahara wa namna hiyo haumtoshi mtu mwenye familia na ikapendekeza upandishwe. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kwa miaka hamsini mwanamke aliyekuwa analima Butere ndiye aliyekuwa anamlipia mwajiri wa Nairobi sehemu ya mshahara. Kijiji ndicho kilichokuwa kinaulisha mji. Ile pesa kidogo iliyorudi kwa bahasha haikuwa sadaka ya mjini kwa kijiji. Ilikuwa chenji.

Na sio historia ya kale peke yake. Nenda steji ya mabasi ya Nairobi hapa mjini jioni yoyote, uangalie yanayopakiwa. Gunia la mahindi, ndizi, maharagwe, viazi vitamu, kuku aliyefungwa miguu akitoa kichwa kwenye katoni. Vyote vinaenda kwa yule kijana wa tangazo. Simama karibu na MMUST mwanzo wa muhula uone nani anamtumia nani. Mzazi aliyeuza ng’ombe ndiye anayetuma, na mtoto ndiye anayesimama kwa foleni ya ajenti. Aprili 2020, serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya korona, wengi waliopoteza kazi walikuwa wameshawahi kupanda basi. Walienda wapi? Walienda pale pale ambapo tangazo lilisema panangojea msaada.

Hakuna tangazo lililowahi kuonyesha gunia. Hakuna aliyetuandikia wito wa “Tuma mahindi Nairobi”. Gunia halina ada ya kampuni, ndiyo sababu.

Kwa nini hili lina uzito? Kwa sababu picha ikikaa sana kichwani hugeuka kuwa sheria. Leo kijana wa Kakamega aliyeko Nairobi bila kazi haoni kwamba ni mtu anayepitia kipindi kigumu. Anajiona ni mshale uliovunjika. Anaacha kupiga simu nyumbani kwa sababu simu bila pesa imekuwa aibu. Yuko tayari kukosa mazishi ya kukhu yake kuliko kufika mikono mitupu. Na mama naye, ambaye pengine alitaka tu kusikia sauti, mtoto ameshaamini kwamba kila simu yake ni ombi. Kisha kwa upande wa huku mambo yamezidi kukaza. Mumias, kiwanda kilichowalipia watu wengi karo kwa pesa za miwa, kiliyumba miaka mingi mpaka mwaka 2019 benki ikakiweka chini ya meneja mrasimu. Familia zilizokuwa na mapato yao hapa hapa zikageuza macho yote Nairobi. Mshale mmoja, mzigo mara mbili.

Deni likarudi mlangoni

Na sasa fika mwisho wa hadithi, uone jinsi ilivyozunguka. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, akiba na mkopo ndani ya M-Pesa. Januari 2019 ikaja Fuliza: salio lako halitoshi, tuma tu, tutajaza, utalipa baadaye pamoja na ada. Unakumbuka tulikoanzia? Majaribio ya 2005 yalikuwa ya mikopo. Yakavuliwa nguo ya deni, yakavishwa nguo ya nyumbani, yakapendwa na nchi nzima, na baada ya miaka kadhaa deni likarudi kupitia mlango ule ule, safari hii likiwa limeshika mkono wa mama.

Kwa sababu fikiria mtu anavyochukua Fuliza. Si wengi wanaoichukua wakiwa wametulia na kalamu na karatasi. Mtu ameambiwa mtoto ana homa. Ameambiwa kuna mchango wa matanga na majina yanasomwa kwenye kundi la WhatsApp. Anafungua simu, salio ni shilingi arobaini, na simu inamwambia anaweza kutuma bado. Hahitaji tangazo wakati huo. Tangazo lilishafanya kazi yake zamani. Anatuma, tena anatuma na ya kutoa, kwa sababu kwetu kutuma bila ya kutoa ni kama kumkaribisha mgeni bila kiti. Mama anapokea pesa, hajui kwamba amepokea mkopo wa mtoto wake.

Kamari nayo ikakopa somo lile lile. Ukiyatazama matangazo yake vizuri, mengi hayakuuzii mpira. Yanakuuzia siku ile utakapotuma pesa nyingi nyumbani, utakapomjengea mama. Aprili 2025 bodi inayosimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Sawa, ni hatua. Lakini bodi inaweza kuzima tangazo, haiwezi kuzima ile hisia inayolisubiri tangazo lingine.

Kwa hivyo kazi hiyo ni yetu. Tangazo lolote likikugusa, jiulize mambo matatu. Hii hisia nilikuwa nayo kabla ya hawa watu kuja? Kama ndiyo, basi ni yangu, na naweza kuitimiza bila wao pia. Ni nani hayuko kwenye hii picha? Kwa tangazo letu hayupo mama mwenye jembe, hayupo anayepakia gunia. Na la tatu, mshale unaelekea wapi, na ukigeuzwa nani atapoteza pesa?

Yule kijana wa 2007 hakuwa mwongo. Alimpenda mama yake na alituma. Ila hakuna aliyemwonyesha akila ugali wa mahindi yaliyotoka shambani kwa huyo huyo mama. Kama uko Nairobi leo na mwezi umekuwa mgumu, piga simu nyumbani hivyo hivyo bila kitu. Waulize mvua imenyesha aje. Wape nafasi ya kukutumia gunia.